Sanduku la Baba: shajara ya mradi, Januari hadi Julai 2025

Jumapili, 12 Januari

Kazi imeanza rasmi leo. Sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha Baba Morogoro sasa liko sebuleni kwangu Tabata, na kila aliyepita amelikalia. Ndani kuna tiketi za treni, kaseti, karatasi za ratiba za maonyesho na madaftari ya mizigo ya shirika la reli. Picha ni chache mno. Mzee alipenda kutazama kuliko kutazamwa.

Kaka alitaka tuandike wasifu. Ukurasa wa kwanza anao tayari: alizaliwa Ujiji, akasoma, akaajiriwa karani wa mizigo Tabora, akahamishiwa Morogoro, akastaafu. Nimemwambia hayo tuliyasikia siku ya msiba na kila mtu aliyatikisia kichwa. Mimi nataka mtu asiyemjua afungue sanduku aelewe kwa nini karani yule alijua kwa moyo nauli ya daraja la tatu hadi Kigoma, na pia alijua kwa moyo maneno ya tamthilia ya Kinjeketile.

Tulichokubaliana: kaseti na karatasi zinakiliwe kwenye kompyuta, itengenezwe albamu moja ya karatasi kwa ajili ya Mama, ambaye hana subira na skrini, na Agosti, mwaka ukitimia tangu afariki, tukutane tuigize kitu. Hilo la mwisho Kaka amelinyamazia. Kwetu kunyamaza maana yake tutaongea baadaye.

Jumamosi, 25 Januari

Kaseti. Nyingi ni za dakika 60, chache za 90. Kabla ya kuzicheza, kila moja naipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe ulioganda kwa miaka ulegee. Zilizokuwa na sauti hafifu ugonjwa wake ni mmoja: kile kipande kidogo cha kitambaa kinachousukuma utepe uguse kichwa cha kusomea kimebanduka gundi. Unafungua skrubu ndogo tano, unakirudisha kwa gundi, unafunga. Kichwa chenyewe nakisafisha kwa pamba na spiriti baada ya kila kaseti, na pamba inatoka ya kahawia.

Redio kaseti ya Baba haikufaa. Mpira wake wa ndani umelegea, kila mwigizaji anasikika kama amekunywa. Nimenunua mashine nyingine iliyotumika Kariakoo, waya unaingia kwenye kompyuta, narekodi kwa programu ya Audacity. Nahifadhi katika mafaili ya sauti ya WAV. Saa moja ya stirio inakula kama megabaiti 600, kwa hiyo nimeacha stirio; Baba alirekodi kwa maikrofoni moja, hakuna cha kushoto wala kulia.

Nimegundua pia namna alivyopata kaseti zenyewe. Kwa kawaida kaseti ya muziki iliyonunuliwa dukani imevunjwa vijino vya nyuma ili usirekodi juu yake. Za Baba zote matundu yamezibwa kwa plasta ya kidonda. Miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, unga na sabuni vilikuwa kwa foleni, sembuse kaseti tupu. Kwa hiyo alichukua dansi akarekodi tamthilia juu yake. Mchezo ukiisha kabla ya utepe, gitaa linaibuka katikati ya wimbo. Moja nadhani ni Tabora Jazz. Nimeamua vipande hivyo visikatwe.

Jumapili, 2 Februari

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimehesabu ratiba za maonyesho, nikazipanga kwa mwaka. Basi.

Jumamosi, 15 Februari

Madaftari ndiyo yamenikalisha wiki nzima, nikasahau kaseti.

Ni vitabu vya kuandikia mizigo, safu zimechapishwa kwa Kiingereza: tarehe, kutoka, kwenda, aina ya mzigo, uzito, hali. Baba alipewa vilivyokwisha muda wake, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli yetu ikawa shirika jipya lenye fomu mpya. Badala ya magunia ya karanga, akaandika humo kila mchezo aliouona. Safu hakuzibadilisha. Chini ya "kutoka" ameweka jina la kikundi, chini ya "kwenda" ukumbi, na chini ya "uzito" na "hali" ndipo ameweka hukumu yake.

Nanukuu chache:

Ngonjera za shule kuhusu kilimo cha kufa na kupona: "Uzito mdogo, makaratasi mengi. Umefika mzima, hakuna aliyekuja kuuchukua."

Kichekesho kwenye baa, Magomeni, kati ya ngoma na sarakasi: "Uzito haukupimika kwa sababu ya kucheka. Gunia limepasuka njiani, bora hivyo."

Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, imechezwa na wanafunzi: "Mzito. Brutus amesahau nusu ya mzigo stesheni."

Na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ameiandika zaidi ya mara moja, vikundi tofauti. Kwa wasioijua: ni tamthilia ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mhusika wake mkuu ni yule mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Katika mchezo, mwishoni Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua neno hilo litawafikia watoto. Mara ya kwanza Baba aliandika "Mzito kupita mizani yetu." Mara ya pili, miaka kadhaa baadaye: "Mzito vilevile. Safari hii nimeona aliyeubeba."

Nimejaribu kumfafanulia binti yangu kwa nini hiyo ya pili ni sifa kubwa kwa mwigizaji. Alinielewa kabla sijamaliza.

Jumatano, 26 Februari

Shangazi kapiga simu. Kaka amemwambia habari ya kuigiza. "Kaka yangu asomewe, asichezewe."

Sikumjibu. Shangazi hajibiwi siku hiyohiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Tiketi. Ni zile za kadi ngumu, milimita 57 kwa 30 na kitu, mtindo ulioanzishwa na Mwingereza Thomas Edmondson miaka ya 1830 na ukatapakaa popote Waingereza walipojenga au kurithi reli. Ya mtoto ilikatwa pembe. Tarehe inagongwa ukingoni kwa mashine ya mkono, na mkaguzi anatoboa kwa koleo lake. Nazipiga picha kwa simu juu ya karatasi nyeupe dirishani, saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali. Skana ya kukodi ilitoa picha bapa, matundu ya koleo hayaonekani, na matundu ndiyo utamu.

Lakini kuna jambo halikai sawa. Mfanyakazi wa reli alikuwa na pasi, na likizo alipewa ya kwake, mke na watoto. Pasi ni karatasi, na tunazo tatu, moja ya safari ya Kigoma iliyounganishwa na MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Sasa tiketi hizi za kadi ni za nani? Tena zote ni daraja la tatu, nyingi Morogoro kwenda Dar es Salaam, na namba zake zinafuatana, nne nne, sita sita. Halafu tiketi ilikuwa inakusanywa mlangoni ukishuka. Abiria hakubaki nayo.

Nimezitandaza mezani sambamba na ratiba za maonyesho. Tarehe zinakaribiana. Tiketi ya Ijumaa, onyesho la Jumamosi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza Mama kwa simu. Kacheka kwanza.

"Wewe unadhani unga wa mwezi ule ulikwenda wapi?"

Hakuongeza neno. Amesema nimtafute mzee mmoja aliyekuwa akikusanya tiketi pale stesheni, yu hai, yuko Kihonda.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda Morogoro kwa treni ya SGR, chini ya saa mbili, tiketi ni mistari kwenye simu. Baba alifariki Agosti 2024, wiki chache tu baada ya treni hiyo kuanza kubeba abiria. Hakuipanda. Angeisifu mwendo na angelalamika kwamba huwezi kununua chochote dirishani: mananasi ya Ruvu hayauzwi kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa.

Kwa bahati stesheni mpya nayo iko hukohuko Kihonda, bajaji haikuchukua muda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa pili. Umemfanana bibi yako wa Ujiji, baba yako hapo simuoni." Akaniketisha. "Umekuja na tiketi, nimesikia. Baba yako tiketi ya nini? Baba yako alikuwa na pasi."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazipitia polepole, akawa anataja watu. Huyu fundi wa karakana. Hawa wawili walimu wa shule ya msingi. Huyu dada alikuwa anauza uji nje ya lango, na ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. Kikundi chao hakikuwa na jina lililosajiliwa popote. Walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa wafanyakazi, jioni, kama hakuna mkutano. Baba aliwanunulia tiketi kwenda Dar kuona wenzao wanavyofanya: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kumbi za baa, na mara nyingine Bagamoyo, kwenye tamasha la Chuo cha Sanaa lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya chuo kufunguliwa. Bagamoyo hakuna treni. Walishuka Dar, wakapanda basi au lori la chumvi, kilomita kama 70 za barabara ya wakati ule.

Kurudi, yeye mzee ndiye aliyesimama mlangoni. "Nilitakiwa nizipeleke ofisini zikachomwe. Baba yako akasema, hizi nipe, ni orodha ya mahudhurio."

Utotoni tulimjua Baba msafiri. Likizo ikifika anaondoka, anarudi na hadithi, na sisi tunaamini amekwenda kutembea kwa raha zake. Kaka mpaka leo ana kinyongo kidogo na hizo safari. Sijui kama habari hii itakipunguza au itakiongeza, maana unga ni unga, na sisi ndio tuliokula uji mwepesi ili fundi wa karakana akaone jukwaa lenye taa. Mzee nilimuuliza kama wale walilipa. "Wengine," akasema. "Yule wa uji alilipa yote, kwa uji."

Imeingia kwenye albamu jinsi alivyoisema.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia Kaka habari za tiketi. Alikaa kimya, halafu akauliza kama kuna ya mwaka aliofukuzwa shule kwa ada. Nimeitafuta. Ipo moja, namba nne zinazofuatana, wiki mbili kabla. Nimemtumia picha. Sikuona sababu ya kuificha, na katika albamu itakaa mahali pake kwa tarehe, pamoja na zingine.

Jumapili, 27 Aprili

Safari ya Liemba. Hii ndiyo kurasa ndefu kuliko zote kwenye madaftari, na hakuna tamthilia ndani yake.

Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapelekwa hadi Kigoma na kuungwa upya. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, na kuanzia 1927 ikawa inabeba watu na dagaa kusini hadi Mpulungu, Zambia. Baba aliyajua haya yote na ameyaandika kwa mistari miwili tu. Kurasa zilizobaki ni za usiku mmoja. Vijiji vingi vya mwambao havina gati, kwa hiyo meli inasimama majini, inapiga honi, na mitumbwi inakuja. Taa ya meli inawamulika. Watu wanapanda kwa kamba na wengine wanashuka, mbuzi anapitishwa juu ya vichwa, mama anagombana na mwenye mtumbwi kuhusu nauli, kuku mmoja anaanguka majini na kuzua kesi. Nusu saa, honi tena, giza. Kijiji kinachofuata, onyesho jingine na waigizaji wapya.

Chini ya "hali" ameandika: "Hakuna kilichofika salama. Sijaona bora kuliko hii Dar wala Tabora."

Nilikuwa natafuta mahali ambapo safari na tamthilia zinakutana katika maisha yake, nikidhani ni zile tiketi. Ni hapa pia, na hapa hakuna aliyemfundisha mtu kitu. Alikuwa anatazama tu, ameegemea chuma, na pasi yake mfukoni. Niliyatamani mambo hayo mawili yawe moja. Naona nitayaacha yakae kurasa mbili tofauti.

Albamu: kurasa za Liemba zitaingia zote kwa mwandiko wake. Meli yenyewe imesimama kwa miaka kadhaa kwa ajili ya ukarabati, vinginevyo ningependekeza Agosti tukutane huko na gharama zingetuua.

Jumamosi, 17 Mei

Tumekaa kikao cha tamthilia. Wazo la kwanza lilikuwa kusoma sehemu ya Kinjeketile. Binti yangu, anayependa kanuni kuliko mimi, akauliza kuhusu haki za mtunzi. Kusomeana ndani ya familia ni jambo moja. Tukialika mtaa na kuweka viti vya kukodi ni jambo jingine, inabidi kuomba kibali kwa wenye haki, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndio wa kuanzia kuulizia. Muda upo, lakini wasomaji hatuna. Kaka husoma kama anatoa taarifa ya hasara.

Ndipo nikawachezea kaseti niliyoimaliza wiki iliyopita. Ni kichekesho cha kikundi cha Morogoro, chao wenyewe, kwenye ukumbi, watu wanacheka hadi maikrofoni inapasua sauti. Abiria hana nauli. Amejifunga ndani ya gunia ili asafirishwe kama mzigo. Karani wa mizigo analipima, linakohoa. Anayeigiza karani ni Baba. Nilijua sauti kabla sijaijua hadithi.

"Mzigo unaokohoa," anasema, taratibu kabisa, "nauli yake ni ya daraja gani?"

Ukumbi unalipuka. Yeye hacheki. Anaendelea kujaza fomu: "Aina ya mzigo? Uzito? Unaharibika haraka?" Gunia linajibu kutoka ndani, kwa sauti ya mwanamke, na nadhani ndiye yule wa uji.

Vichekesho havikuandikwa. Waigizaji walikubaliana mtiririko, nani anaingia lini na kisa kinaishia wapi, maneno yakaja jukwaani. Kwa hiyo hakuna maandishi ya kuomba kibali, na mwenye kisa ni wao. Nimempigia mzee wa Kihonda. Amesema waliobaki hai ni yeye na mwalimu mmoja, na wote wawili wanaturuhusu kwa sharti kwamba gunia liwe la katani, siyo la plastiki.

Jumanne, 3 Juni

Shangazi amekuja mwenyewe. Tumekubaliana hivi: hitima itafanyika Morogoro, msikitini na nyumbani, Jumamosi ya kwanza, bila jambo lingine lolote siku hiyo. Kichekesho kitakuwa kwangu Tabata wiki mbili baadaye, na hakitaitwa kumbukumbu wala hakitatangazwa kwa jina la Baba. Yeye hatakuja. Hakubembelezwa, na mimi naona ana haki yake. Alikuwa na kaka kabla sisi hatujawa na baba, na kaka huyo hakuwa mwigizaji.

Kaseti ya kichekesho nilimuuliza kama anataka kuisikia. Alisema hapana.

Jumapili, 22 Juni

Mazoezi ya kwanza, uani. Ugomvi ni nani awe karani. Mpwa wangu anamwiga Baba vizuri, kikohozi, miwani, hata kile kidole. Tulicheka sana. Mama alitazama hadi mwisho, akasema, "Msimwige. Igizeni karani."

Ikawa kazi ngumu kuliko tulivyodhani. Ukiondoa kidole na miwani, inabidi ujue karani anataka nini. Mpwa wangu alihangaika saa nzima. Mwishowe akaamua kwamba karani anajua kabisa kuna mtu ndani ya gunia, na anatafuta namna ya kumpitisha bila kuvunja kanuni hata moja. Kichekesho kikabadilika, fomu zikawa za kuchekesha zaidi. Tumerudia kusikiliza kaseti. Ndivyo alivyofanya Baba, tangu sentensi ya kwanza, na sisi hatukuisikia kwa sababu tulikuwa tunasikiliza sauti.

Jumamosi, 12 Julai

Hali ya kazi kwa sasa.

Karatasi na tiketi zimekwisha kupigwa picha, majina ya mafaili ni tarehe na kituo. Nakala ziko kwenye diski mbili za nje, moja kwangu na moja kwa Kaka, ambaye ameiomba mwenyewe na hajasema anaitakia nini. Albamu ya Mama iko kwa mfunga vitabu; nimemwambia asibandike tiketi kwa gundi, ziwekwe kwenye vimfuko zitoke na kurudi. Mananasi, viti, turubai kama mvua itatukosea adabu: bado. Gunia la katani limepatikana Buguruni kwa muuza mahindi. Limejaa vumbi na aliyemo ndani anakohoa kweli.

Kaseti zote zimekwisha isipokuwa moja, ya dakika 90, iliyoandikwa "Bagamoyo, usiku" kwa kalamu ya risasi. Utepe umekatika karibu na mwanzo na kipande kimejikunja ndani. Fundi wa redio amesema nisiiguse. Anaipokea Jumanne.